Gunia la Watu Wawili

"Basi nining'inize na mimi," Mastura alisema, akielekeza kidole kwenye ndoano ya mizani. "Nipime. Labda nimekuibia hata nyama."

Wanawake waliokuwa wakigawana unga pembeni yetu walicheka. Kisha wakaona kwamba sisi wawili hatucheki, wakarudi kwenye unga wao huku masikio wameyaacha kwetu.

Nilimwambia asikuze maneno. Mizani haimtukani mtu, ni kifaa. Nilikuwa nimeinunua mjini siku moja kabla, ndogo, ya betri, namba zinawaka juu na ndoano iko chini. Asubuhi ile nilikuwa nimewahi kuifunga kwa kamba kwenye nguzo ya baraza la duka kabla Mastura hajafika. Gunia letu la mchele lilikuwa juu ya turubai, bado limeshonwa. Nilidhani nimerahisisha kazi.

"Miaka yote tunagawana kwa sahani," alisema. "Leo umeona nini kwenye mkono wangu?"

Hapo ndipo ningesema. Lilikuwa jambo la sentensi moja, na mimi si mtu wa kukosa sentensi. Lakini nilitazama viroba vyake vitupu alivyokuja navyo, vingi, vimekunjwa vizuri kwa ajili ya wale wote wanaomsubiri nyumbani, nikasema kitu kingine.

"Sahani haina namba."

Mastura aliinama akakusanya viroba vyake, akanyoosha mkono, akataka nimrudishie mchango wake. Nikamrudishia palepale.

"Gunia ni lako lote," alisema. "Pima mpaka betri iishe."

Akashuka ngazi. Hakugeuka, na mimi sikumwita.

Duka hilo ni la Machibya, lipo Mkuyuni, nyuma ya mafundi wa kuchomelea mageti. Bei zake ziko chini kuliko za sokoni kwa sababu hauzi rejareja. Ukutani ameandika kwa rangi nyekundu: HATUFUNGUI GUNIA. HATUFUNGUI KATONI. USIOMBE. Mchele anaufuata mwenyewe mashineni, Magu na Sengerema. Anachukua katoni zilizobonyea ambazo wenye maduka ya mjini wamezikataa, na maziwa ya unga ambayo tarehe yake imekaribia. Mwenye mgahawa anabeba peke yake. Sisi wengine tunakwenda wawili wawili, tunachanga, tunanunua, tunagawana barazani. Asiye na mwenzake anarudi sokoni kulipa bei ya mtu mmoja.

Mwenzangu alikuwa Mastura, mama yake Nurudin, wa Kiseke. Tulikutana pale wakati mwanangu wa mwisho, Masele, bado yuko shule ya msingi. Kila mmoja alikuwa amesimama mbele ya katoni ileile ya mafuta, anaitamani na hana wa kuchanga naye. Ananizidi umri, kwa hiyo nampa shikamoo, naye ananiita Mama Mashimba kwa jina la mwanangu wa kwanza. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba gunia lililoshonwa kwa mkono limeshafunguliwa na mtu, na kwamba mchele hautazamwi juu, unazamisha mkono hadi kiwiko na kutoa wa chini. Kopo lililobonyea ubavuni halina neno. Lililovimba uliache hata ukipewa bure. Mimi nilikuwa msomaji wa tarehe, maana wenye viwanda wanazificha mahali pa ajabu na Mastura hapendi kuvaa miwani mbele za watu.

Kugawana kuna utaratibu wake. Mmoja anagawa, mwingine anachagua. Ukigawa vibaya unajipunja mwenyewe. Mkishachagua, kila mmoja anachota kiganja kimoja kutoka kwenye fungu lake na kukitupa kwenye la mwenzake. Kihesabu ni upuuzi mtupu, kiganja kimekwenda na kiganja kimerudi. Lakini sijaona watu wanaondoka pale bila kukitupa, labda wawe wamegombana.

Baada ya hapo mimi na Mastura tulikuwa tukiteremka ziwani, tunanunua samaki wa kukaanga kwa mama mmoja pale ufukweni, tunakaa juu ya mawe na mizigo yetu miguuni. Tunakula, tunasengenya kidogo, kisha kila mtu na bajaji yake.

Sasa niseme kwa nini nilileta mizani. Masele alikwenda Tabora mwezi wa saba kuanza kidato cha tano, shule ya bweni. Mashimba yuko Dodoma kikazi. Rose yuko chuoni Morogoro. Baba yao alikwenda Chunya kutafuta dhahabu akapata mke. Nyumba niliyoijenga Buswelu kwa mkopo wa miaka mingi ina vyumba vinne, na mimi nalala kimoja. Nusu gunia kwa mtu mmoja ni ujinga. La Agosti liliingia wadudu kabla sijafika katikati, nikawapa kuku wa jirani. Nilichotaka ni theluthi, na Mastura, ambaye Nurudin amemletea wajukuu watano, achukue theluthi mbili. Huwezi kufanya hivyo kwa mmoja kugawa na mwingine kuchagua. Inahitaji mizani. Nina diploma ya ununuzi na ugavi na nasimamia stoo ya chuo kimoja hapa mjini. Hakitoki kitu pale bila kupimwa na hakuna anayenuna.

Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake ni kwamba sikumwambia sababu. Sikutaka kumwambia mwanamke mwenye nyumba iliyojaa kwamba yangu imekwisha.

Dereva wa bajaji aliyenipeleka Buswelu siku ile alilipandisha gunia kwa shida, akaniuliza kama tuna sherehe. Nikamwambia ndiyo. Akauliza ya nani. Nikamwambia aangalie barabara.

Jioni nilipika. Mkono wangu bado haujaarifiwa. Kila nikipima mchele unachota wa watu watano, na ninapogundua, maji yameshachemka. Nilikula sahani moja mbele ya televisheni, nikabaki na sufuria ambayo ingeshibisha kikosi. Zamani ningemwita Masele amalizie, naye angelalamika huku anamalizia. Nilimpigia Rose. Alikuwa na wenzake, nikasikia vicheko nyuma yake, akasema atanipigia baadaye. Nilimwambia asijali, nilitaka tu kujua kama anakula vizuri. Hakupiga, na simlaumu. Nilipokuwa na umri wake nami sikupiga.

Mtaa wetu ni mpya. Kila mtu amejenga ukuta kabla ya kupiga lipu nyumba. Jirani yangu namjua kwa honi ya gari lake na kwa kuku wake, basi. Nikiugua, wa kwanza kujua atakuwa yule jogoo.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kwa Machibya. Mchele ninao, lakini maharage yalikuwa yameshuka bei na sikuwa tayari kununua ya sokoni kwa sababu ya mtu kununa. Nilimwomba Machibya anipimie kidogo kutoka kwenye gunia, kwa heshima ya miaka. Alinyoosha kidole kwenye maandishi yake ukutani. Nikamwambia mimi ni mteja wake wa zamani kuliko hayo maandishi. Akasema anajua, na kwamba wa kutafuta mtu ni mimi, siyo yeye.

"Mwenzako si yule pale?" aliuliza.

Mastura alikuwa upande wa pili wa baraza na mwanamke mrefu nisiyemjua. Wamefungua gunia la sukari. Nilipita karibu nao kwenda kwenye nguzo yangu, nikasema, "Habari za asubuhi."

Si shikamoo. Nilisikia nilichosema kilivyotoka. Mastura alinitazama kama mtu aliyepewa chenji pungufu na anaona aibu kuhesabu mbele za watu.

"Nzuri," alijibu.

Nilipata wa kuchanga naye, binti mmoja anaitwa Dorcas, ameolewa juzijuzi, anakaa Buswelu hiyohiyo. Aliipenda mizani. Alisema, mama, huu ndio ustaarabu, hizo sahani ni za bibi zetu. Tulipima maharage, nusu kwake na nusu kwangu, namba zikalingana mpaka mwisho, kazi ikaisha haraka kuliko siku yoyote niliyowahi kugawana kitu pale. Nikachota kiganja kutoka kwenye fungu langu na kugeuka. Dorcas alikuwa ameshafunga kiroba chake kwa kamba, simu iko sikioni. Aliniona nimesimama na maharage mkononi, akaondoa simu kidogo.

"Mama, hayo ni ya nani?"

"Ya kwangu," nilisema, nikayarudisha kwenye kiroba.

Nilipoinua macho, Mastura alikuwa ananitazama. Hakucheka. Afadhali angecheka, ningejua cha kumjibu. Yule mrefu akamtupia sukari yake, naye akamtupia ya kwake, wakaendelea.

Niliteremka ziwani peke yangu. Mama wa samaki alikata kipande, kisha akakata cha pili kwa mazoea, ikabidi nimzuie. Akauliza mwenzangu yuko wapi. Nikasema anaumwa. Nilikaa kwenye jiwe letu na kiroba cha maharage miguuni. Magugumaji yalikuwa yamejaa ufukweni, kijani kitupu mpaka mbali, mtumbwi mmoja unajitahidi kupenya. Samaki alikuwa mtamu. Nilimla haraka, maana mtu anayekula peke yake mbele za watu hana mahali pa kuweka macho, nikaondoka.

Wiki mbili nikaishi hivyo. Kazini nilikuwa sawa. Kazini mimi ni mtu wa kelele, napigiwa simu, nafokeana na wasambazaji, natia saini. Kisha saa za kazi zinakwisha. Nikaanza kukawia kule stoo nikipanga rafu ambazo zimeshapangwa. Mlinzi akaniuliza kama nimebadilishiwa zamu.

Jumamosi ya tatu niliona mdudu wa kwanza kwenye gunia la mchele. Mmoja tu, mweusi, anatembea taratibu kama mwenye kiwanja. Nikajua wenzake wako njiani. Nikaburuta gunia hadi uani, nikatandika turubai, nikamwaga mchele wote juani na kuanza kuupekua.

Ulikuwa mwingi. Nilikuwa nimekula wiki tatu na ungedhani hakuna aliyeugusa. Nilikuwa nimepiga magoti katikati ya uwanja wangu wenye ukuta pande zote, nageuza mchele wa watu wawili kwa mikono, na hapakuwa na sauti yoyote isipokuwa mchele wenyewe na yule jogoo wa jirani.

Stoo tuna kanuni. Mali isiyotembea haikai. Ukiiacha inaharibika na wewe ndiye utakayeulizwa. Unaihamishia inakotumika, siku hiyohiyo, husubiri kikao.

Nilimaliza kuupepeta, nikaurudisha kwenye gunia, nikashona mdomo kwa mkono, nikampigia simu yule dereva wa bajaji. Alipofika akauliza kama ni sherehe tena. Nikamwambia Kiseke.

Mastura alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba anachambua mchicha. Wajukuu walikuwa kila mahali, wawili wanagombea tairi, mmoja analia kwa sababu ambayo hakuna anayeijali. Dereva akashusha gunia mlangoni, akaondoka. Mastura aliona yote hayo na kuendelea na mchicha wake.

"Shikamoo, dada," nilisema.

Alivunja shina moja, akavunja la pili. Lakini shikamoo haiachwi hewani, hata na mtu aliyekasirika.

"Marahaba." Akatupa majani kwenye ungo. "Umekuja na mizani?"

"Iko stoo. Inapima hewa."

"Na hilo gunia la nini? Nilishakwambia ni lako."

Sikukaa, kwa sababu sikuwa nimekaribishwa. Nikasema nikiwa nimesimama, kwa ufupi, kama mtu anayetoa taarifa. "Masele amekwenda Tabora, bweni. Nimebaki peke yangu. Nusu ilikuwa inanishinda. Nilitaka nichukue theluthi, wewe uchukue inayobaki, ndiyo maana nikaleta mizani. Mkono wako sina shida nao."

Mastura akaacha mchicha.

"Amekwenda lini?"

"Mwezi wa saba."

"Na huu ni wa kumi." Alinitazama kwa muda. "Tumekaa kwenye yale mawe tunakula samaki, mwezi wa nane, mwezi wa tisa, unaniambia Masele hataki kuoga."

"Nadhani na huko hataki."

Mdomo wake ulicheza kidogo, lakini alijizuia. Akasema kwamba wiki zile hakulala vizuri. Alikuwa anarudia mgawo mmoja mmoja kichwani, anajiuliza ni siku gani sahani yake ilijaa kuliko yangu, mpaka akaanza kujishuku mwenyewe. Alimwuliza na Nurudin. Nurudin akamwambia watu waliosoma wana mambo.

"Una diploma ya kununua," alisema. "Ya kusema huna."

Aliniambia nikae. Akaingia ndani, akatoka na mkeka na sahani, ileile ya bati yenye maua yaliyofutika ambayo amekuwa akija nayo kwa Machibya miaka yote. Akauma uzi wa gunia kwa meno, akamwaga mchele na kuanza kugawa bila kuniuliza. Sahani mbili upande wake, moja upande wangu. Mbili, moja. Hakuinua kichwa. Wajukuu wakasogea kutazama, akawafukuza kwa kiwiko, wakarudi.

Alipomaliza kulikuwa na mafungu mawili, moja kama kichuguu na jingine dogo. Ilikuwa theluthi kamili. Naamini hata mizani isingeona tofauti. Ndicho kitu nilichokuwa nakitaka tangu mwezi wa nane.

"Haya," alisema. "Lako hilo. Wadudu hawatakuwahi tena."

Nililitazama lile fungu dogo. Niliona jinsi litakavyokaa kwenye ndoo yangu, nitakavyofunika, nitakavyofunua jioni na kukosea kupima, au labda sasa nitajifunza. Mtu anajifunza. Mwakani ningekuwa nachota wa mtu mmoja bila hata kuangalia.

"Usigawe," nilisema.

"Nini tena?"

"Usinigawie. Wote ubaki hapa. Mimi nitakuja kuula."

Mastura aliweka sahani chini. "Kuja lini?"

"Jumamosi, tukitoka kwa Machibya. Na Jumatano nikitoka kazini."

"Hapa kuna kelele."

"Nasikia."

"Hawa wanamwaga, wanapigana, huyu mdogo anakula kwenye sahani ya mtu yeyote aliye karibu naye."

"Nimelea watatu, dada."

"Sikupikii kama mgeni. Wageni nawapikia Idi."

"Sijaomba kupikiwa."

Nilijua anapima, na kwamba sitaoneshwa namba. Ameshapata mwenzake wa sukari, yule mrefu, na nyumba yake haikuwa na upungufu wa watu. Mimi ndiye niliyekuwa na upungufu, na sasa alikuwa anaujua wote. Mtoto aliyekuwa akilia akanyamaza, akaja kukaa kwenye ukingo wa mkeka karibu na goti langu na kuchora mchele kwa kidole. Mastura hakusema ndiyo. Wala hakusema hapana.

Sikusubiri aamue. Nilikusanya fungu langu kwa mikono miwili na kulisukuma kwenye lake mpaka ukawa mlima mmoja. Nikachota kwa sahani yake, nikajaza gunia, nikalibeba kwa kulikumbatia hadi ndani, mahali lilipo pipa lake la nafaka, nikafungua kifuniko na kuumimina wote. Vumbi la mchele likapanda hadi usoni. Nikarudi mlangoni kuchukua mchele uliobaki kwenye mkeka, kama viganja viwili vitatu hivi. Mastura alikuwa bado amekaa pale, ungo wa mchicha mapajani, ananitazama kama fundi ambaye hakumwita.

"Sufuria kubwa iko wapi?" nikamwuliza, nikavua viatu.